Watoro Wawili wa Salazie

Hotuba iliyotolewa Kilwa Masoko mbele ya walimu wa historia, wanafunzi na wazee wa mji. Imenyooshwa hapa na pale ili isomeke.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi mliovuka maji asubuhi kutoka Kilwa Kisiwani: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, habari za mchana.

Walionialika walinipa mada ndefu: mapenzi na upinzani katika zama za utumwa wa kikoloni. Najua wengi mmekaa mkitarajia habari za Unguja au Bagamoyo. Leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ambacho zama hizo Wafaransa walikiita Bourbon. Ni mbali, lakini sisi watu wa Kilwa hatuwezi kujifanya wageni huko. Merikebu zilizopeleka watu kule zilitia nanga kwenye maji haya haya mnayoyaona mkitoka nje ya ukumbi.

Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa aitwaye Morice, aliyekuwa tabibu wa merikebuni kabla ya kuwa mchuuzi wa watu, alipatana na Sultani wa Kilwa. Masharti yao yapo hadi leo kwa anayetaka kuyasoma. Sultani atampatia watumwa 1,000 kila mwaka. Bei ya kila mmoja ni piastre 20, sarafu ya fedha ya wakati huo. Juu ya bei, sultani mwenyewe atapata zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mzungu mwingine asiuziwe mtu mpaka Morice atosheke. Na muda wa mapatano? Miaka 100. Hata shamba la minazi watu hawaandikiani muda huo.

Mapatano yale hayakuishi hiyo miaka mia, lakini watu walikwenda. Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengine wa bara letu walishushwa Île de France, yaani Morisi ya leo, na Bourbon. Walipofika, makabila yao yalipotea kwenye daftari. Wengi waliandikwa kwa jina moja tu, Mozambique, kama gunia linavyoandikwa bandari lilikotoka.

Naanza na hili ili tusije tukasikiliza habari ya Anchaing na Héva, wapenzi wawili waliotoroka utumwani huko Bourbon, kama hadithi ya watu wa mbali. Hata hivyo sitawadanganya: hawa wawili hawakutoka Kilwa. Jina la Anchaing lina asili ya Kimalagasi, na watoro wengi wa mwanzo kisiwani humo walikuwa Wamalagasi. Watu wetu waliwafuata kwa wingi baadaye, wakakuta sheria ni ile ile na mlima ni ule ule.

Kwanza mjue mlima wenyewe. Réunion ni kisiwa kilichotapikwa na volkano. Pwani yake ni ukanda mwembamba wa mashamba; ukitoka hapo unapanda tu. Katikati kuna Piton des Neiges, kilele cha zaidi ya mita 3,000, na pembeni mwake kuna mabonde matatu mapana yaliyozungushiwa kuta za mwamba: Cilaos, Mafate na Salazie. Karne ya 18 mabonde hayo hayakuwa na barabara wala shamba la mzungu. Ndani ya Salazie, peke yake kama mnara, kumesimama kilima chenye ubavu wa genge kila upande, urefu wake zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ramani za leo zinakiita Piton d'Anchaing.

Wanavyosimulia watu wa Réunion, Anchaing alikuwa mtwana wa shamba moja la pwani, na Héva alikuwa mjakazi wa shamba hilo hilo. Walipendana. Héva aliteswa. Masimulizi yanatofautiana juu ya nani alimtesa na kwa sababu gani, nami sitachagua. Anchaing akaona kwamba akibaki, siku moja atamzika mwanamke yule au atauawa akimtetea. Wakatoroka usiku, wakafuata mto kwenda juu, wakaingia Salazie, wakakwea kile kilima ambacho hakuna aliyeamini kuwa mtu anaweza kukikwea. Juu kuna uwanda mdogo. Wakajenga kibanda. Wakaishi huko miaka mingi, wakazaa watoto. Wengi husema mabinti, na husema walikuwa zaidi ya watano. Kutoka kule juu walikuwa wakiona bonde zima, na yeyote anayekuja wanamwona kabla hajafika.

Hiyo ndiyo hadithi. Waandishi wa kisiwa waliiweka kwenye karatasi karne ya 19, baada ya kusimuliwa kwa mdomo muda mrefu. Mwalimu mkali ataniuliza: una hati gani kwamba Anchaing alikuwepo? Nitamjibu kwamba mimi siitetei hadithi kwa hati ya watu hawa wawili. Naitetea kwa hati za wenzao. Kila kilichomo kwenye hadithi hii, kukimbia wawili wawili, kuzaa msituni, kuwindwa, kurudishwa na watoto, kimeandikwa na wawindaji wenyewe kwenye taarifa zao, tena bila aibu, kwa kuwa walikuwa wakiandika ili walipwe.

Wanafunzi, hapa naomba mnifuate polepole, maana bila sheria hamtaelewa kwa nini watu wawili wapande juu ya genge ili tu wapike chungu kimoja.

Mwaka 1715 Wafaransa walileta Bourbon miche ya kahawa kutoka Mokha, Yemen. Kampuni ya Ufaransa ya Mashariki ya Hindi iliyokimiliki kisiwa ikawasukuma walowezi wapande kahawa, na kahawa ikataka mikono. Desemba 1723 Mfalme wa Ufaransa akakiwekea kisiwa sheria ya watumwa, ile inayojulikana kwa jina la Code Noir, iliyokuwa imeanza kwenye visiwa vya Karibiani mwaka 1685. Ni sheria ya ajabu kuisoma. Kuna mahali inajitia huruma. Inasema watumwa wabatizwe. Inasema bwana asiwalazimishe kuoana wasipotaka. Ukiishia hapo utadhani aliyeiandika ana moyo.

Endelea kusoma. Padri asiwafungishe ndoa watumwa mpaka bwana akubali. Mweupe na mweusi hawaruhusiwi kuoana kabisa. Mume, mke na watoto wao ambao hawajabalehe wasiuzwe mbalimbali, lakini hayo ni iwapo wote wana bwana mmoja. Mume akiwa wa shamba hili na mke wa shamba lile, hawana familia mbele ya sheria. Mtoto akishabalehe, naye anauzika peke yake. Kisha linakuja lile ambalo naona ni kiini cha sheria nzima: mtoto hufuata tumbo la mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mali ya bwana wa mama, hata baba awe huru, hata baba awe ndiye bwana mwenyewe.

Fikirini maana yake kwa mwanamke kama Héva. Kila mimba yake ni faida kwenye daftari la mtu mwingine. Akimpenda mwanamume, mapenzi yake yanamwongezea bwana mifugo. Samahani wazee kwa neno hilo, lakini ndivyo hesabu zao zilivyokaa, watumwa na ng'ombe kwenye orodha moja ya mirathi.

Sasa adhabu ya utoro. Mtumwa akitoroka akapotea mwezi mmoja tangu siku bwana alipotoa taarifa, akikamatwa anakatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani, alama ya ua la yungiyungi, ambalo ni nembo ya mfalme. Akirudia, anakatwa mshipa wa nyuma ya goti na kupigwa chapa bega la pili. Mara ya tatu ni kifo. Na bado watu walitoroka. Wengine waliiba mitumbwi wakajaribu kuvuka kurudi Madagaska, kwenye bahari ya wazi, bila dira. Wengi zaidi walipanda milimani.

Sisi tuna neno letu kwa watu hawa: watoro. Siyo utoro wa kukwepa shule, ninyi mnaocheka huko nyuma. Mtoro kwa babu zetu alikuwa mtumwa aliyekimbia bwana wake, na pwani hii walikuwa wengi, nitarudi kwao.

Watoro wa Bourbon hawakuwa wanajificha tu mapangoni wakingoja kufa njaa. Walilima viazi vitamu na magimbi, walikula asali na moyo wa mitende ya porini, na usiku walishuka mashambani kuchukua walichokosa: chumvi, vyungu, shoka, wakati mwingine ndugu zao. Walikuwa na viongozi. Majina yao yamebaki kwenye vilele na mabonde: Dimitile, Cimendef, Mafate. Alikuwepo Laverdure, aliyeitwa mfalme, pamoja na mkewe Sarlave. Angalieni kwamba masimulizi yanamkumbuka pamoja na mke. Juu kule mtu alikuwa na mke. Chini alikuwa na mwenzi wa kibanda kwa hisani ya bwana.

Walowezi wakaogopa. Kuanzia miaka ya 1730 wakaunda vikosi vya kuwinda watoro, na bingwa wao akawa François Mussard. Nimetaja taarifa za wawindaji; za kwake ndizo maarufu zaidi, za miaka ya 1740 na 1750. Alipanda na wenzake wenye bunduki, wakitembea siku nyingi kwenye mvua na baridi ya mlimani. Mtoro aliyeuawa hakubebwa mzima, ni mzigo. Alikatwa kiganja, kiganja kikapelekwa pwani kuwa ushahidi, na mwindaji akapata malipo yake. Waliokamatwa hai waliandikwa: huyu ni wa bwana fulani, yule ni wa bwana fulani.

Na hapa ndipo linapokuja jambo lililonifanya nichague habari hii nikaacha nyingine zote. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo watu wasiokuwa na bwana. Watoto. Wamezaliwa juu, hawajawahi kuona shamba la kahawa, hawajui kiboko ni nini. Makarani waliwaandika kuwa wazaliwa wa msituni. Kisha sheria ikaulizwa: hawa ni wa nani? Ikajibu kama ilivyoandikwa: mtoto hufuata tumbo la mama. Anatafutwa mama aliyekimbia miaka kumi au kumi na tano nyuma, bwana wake anajulikana, basi bwana huyo anapokea si mjakazi wake tu aliyepotea bali na watoto wote aliowazaa akiwa huru. Utoro wa mama umezaa faida.

Tumrudie Anchaing. Mwindaji wake kwenye hadithi anaitwa Bronchard. Aligundua kwamba juu ya kilima kuna watu, akavizia, akapanda. Mwisho una sura zaidi ya moja. Kuna wanaosema Anchaing alipigwa risasi. Kuna wanaosema aliona hana pa kukimbilia, akajirusha gengeni, na kabla hajagusa chini akageuka papangue, ndege wa jamii ya mwewe anayepatikana kisiwa hicho tu. Ukimwona papangue anazunguka juu ya Salazie, wenyeji watakuambia ni Anchaing anachunga wasije tena.

Ni mwisho mzuri, na watalii wanaupenda. Mimi siupendi sana. Siyo kwa sababu ya ndege. Sisi pwani hatuna haki ya kumcheka mtu mwenye hadithi ya mtu kugeuka ndege. Siupendi kwa sababu unatufanya tuangalie juu wakati jambo lenyewe liko chini, kwenye njia. Anchaing akishakuwa mwewe amepona. Héva je? Hadithi inasema alishushwa pwani yeye na wanawe, wakarudishwa utumwani. Sentensi moja tu, kisha msimuliaji anarudi kwa ndege.

Hebu tumshushe Héva polepole kidogo, tusimuache kwenye sentensi moja. Mumewe amekufa saa chache zilizopita, na kama desturi ya wawindaji ilifuatwa, kiganja chake kimo kwenye mfuko wa mtu anayetembea mbele. Nyuma yake wanakuja mabinti. Yule mkubwa pengine anakaribia kuvunja ungo. Njia ile ile aliyopanda akiwa na hofu lakini akiwa amechagua mwenyewe, sasa anaishuka akijua kila kinachowangoja wanawe, na wao hawajui. Wao wamekulia mahali ambapo baba ndiye baba na mama ndiye mama. Atawaambia nini? Kwamba kuanzia leo akija mtu akamwita mmoja wao jina asilolijua, aitike? Kwamba yeye, mama yao, kwa kuwazaa tu, ndiye aliyewafanya wawe mali?

Hati za Mussard haziandiki mazungumzo ya njiani. Lakini wanawake walioshuka hivyo, na watoto nyuma, zinao. Kwa hiyo nikiulizwa msiba wa hadithi hii uko wapi, sitasema uko kwenye kifo cha mwanamume shujaa. Mashujaa hufa, ndiyo kazi yao kwenye hadithi. Msiba uko kwenye huo mteremko.

Na upinzani je? Vijana wengi wakisikia upinzani wanataka panga na moto. Upo pia, hata Bourbon. Novemba 1811, wakati Waingereza wamekishika kisiwa, watumwa wa Saint-Leu waliinuka, mmoja wa viongozi wao akiitwa Élie. Walisalitiwa na mwenzao aitwaye Figaro, wakashindwa, na mwaka uliofuata waliohukumiwa walikatwa vichwa hadharani kwenye miji mbalimbali ya kisiwa ili kila mtu aone. Hayo yana heshima yake, na Saint-Leu wanayakumbuka.

Lakini mimi nasema Héva alipinga zaidi ya hapo. Ukichoma ghala la bwana, bwana atajenga jingine. Ukienda juu ya jiwe ukaishi na mume uliyemchagua, ukampa mtoto jina ulilotaka wewe, ukamlaza ukiwa na hakika kwamba asubuhi utamkuta, umeikanusha sheria nzima, kuanzia ibara ya kwanza. Walowezi walilijua hilo. Mtoro mwanamume aliyejificha peke yake alikuwa mwizi wa kuku. Mtoro mwenye mke na watoto alikuwa taifa jirani. Ndiyo maana vikosi vilipanda mpaka kwenye ukungu kutafuta vibanda ambavyo havikumdhuru mtu.

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi, maana ni rahisi sana kukaa Kilwa ukawasema Wafaransa. Sultani aliyetia mkono wake mwaka 1776 hakuwa Mfaransa. Waliowateremsha watu kutoka bara mpaka hapa hawakuwa Wafaransa. Na karafuu iliyoitajirisha Unguja na Pemba ilitufikia kupitia visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Mche ulipokuja, na shamba la watumwa likaja, likaota vizuri.

Kuna watakaosema: lakini utumwa wetu ulikuwa na huruma, suria akimzalia bwana mtoto, mtoto yule ni huru, na mama huwa huru bwana akifa. Ni kweli, ndivyo sheria ya Kiislamu ilivyosema, na ni tofauti kubwa na ile ya mfalme wa Ufaransa. Nalikubali. Ila tusiligeuze kuwa shuka la kufunikia mengine. Mtwana na mjakazi wakizaa wao kwa wao, mtoto alikuwa mzalia, naye ni wa bwana. Ndoa yao ilitaka idhini ya bwana. Suria hakuulizwa kama anataka kuwa suria. Na kama mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho, watoro wetu walikuwa wanakimbia nini? Walikimbia mpaka wakajenga vijiji. Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Malindi, kilikuwa kijiji cha watoro karne ya 19. Wengine walikimbilia misheni Rabai, wakawaletea wamisionari ugomvi mkubwa na mabwana wa Mombasa. Kule nako walikuwemo wanaume na wanawake waliokimbia wawili wawili. Majina yao hatuna, wala kilima chenye jina lao.

Wenzetu wa Réunion wanayo majina kwa sababu moja ambayo naiona ya maana kwa walimu. Utumwa ulipofutwa kule, tarehe 20 Desemba 1848, kamishna Sarda Garriga alitangaza uhuru wa watu zaidi ya 60,000. Nao haukuwa uhuru mnono: kila aliyeachwa huru alitakiwa awe na mkataba wa kazi, wengi kwa bwana yule yule wa jana. Lakini ilibidi pia waandikishwe kwa jina la ukoo, na madaftari hayo yapo. Mtu wa leo anaweza kufungua ukurasa akamkuta bibi wa bibi yake siku aliyopewa jina. Tarehe 20 Desemba ni sikukuu kisiwani humo, wanacheza maloya usiku kucha, ngoma ya watumwa ambayo watawala waliitazama kwa jicho baya kwa miaka mingi na ambayo mwaka 2009 iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Jirani zao wa Morisi wana tarehe 1 Februari, siku utumwa ulipofutwa kwao mwaka 1835, na wana mlima wao, Le Morne, ambako inasimuliwa kwamba watoro walijirusha baharini walipoona askari wanapanda, wasijue kwamba askari wale wanaleta habari ya uhuru. Mlima huo tangu mwaka 2008 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia, kama magofu yetu ya Kisiwani.

Nayataja magofu kwa sababu nina ombi, na ombi ndilo litakalonishusha jukwaani. Wageni wanaovuka kwenda Kisiwani huoneshwa kasri la Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, na Gereza, ile ngome ya kale. Huelezwa dhahabu ya Sofala na ziara ya msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Wakifika Makutani, kasri la masultani, huelezwa unene wa kuta. Naomba waongozaji wetu, na wengine wao naona mmo humu, mkifika Makutani muwaambie pia kuhusu Septemba 1776. Muwatajie bei. Piastre 20, na 2 za sultani. Muwaambie watu wale walikopelekwa ni wapi na walikuta sheria gani huko. Hili halitafukuza watalii. Na hata likimfukuza mmoja, si kitu.

Na ninyi walimu: somo la biashara ya watumwa tunalifundisha kwa mishale kwenye ramani. Mshale wa Unguja, mshale wa Arabuni, mshale wa Amerika. Ule mshale mfupi wa kusini-mashariki, Kilwa kwenda Morisi na Bourbon, wanafunzi wengi wanamaliza kidato cha nne hawajauona. Uchoreni. Mkishauchora, wapeni vijana wajadili swali moja tu, kwa nini sheria ya mfalme ilikifuata kizazi kwa upande wa mama, nani alinufaika. Nimelijaribu darasani. Wasichana hulielewa kabla ya wavulana, na mjadala hauishi kengele ikilia.

Wazee, najua wapo miongoni mwenu mnaokumbuka masimulizi ya mabibi zenu juu ya watu waliochukuliwa au waliokimbia, na mmeyanyamazia kwa kuwa jirani anaweza kujua nani alikuwa nani. Siwaombi mtaje koo. Nawaombeni mkubali kijana mmoja akae nanyi jioni na kinasa sauti, mseme mnachotaka kusema, na kile msichotaka mkiache.

Nimemaliza. Yule binti pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Bronchard. Tuanze na yeye.